Kuzama kazini: mwongozo kutoka kwenye meza ya karani wa korosho

Novemba ya mwaka juzi, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, niliandika 7 badala ya 1 kwenye namba ya akaunti ya mzee mmoja. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima hapa wilayani Newala. Fedha za mnada zikishaingia, kazi yangu ni kuandaa orodha ya malipo: jina, kilo zilizopimwa, makato, kiasi anachodai, akaunti yake. Tarakimu moja ikiteleza, wenzake wanalipwa, yeye anabaki kupanga foleni benki akiulizia hela ambayo haijafika. Mzee alikuja ofisini mara tatu. Mara ya tatu hakuuliza kitu. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango, kofia mkononi, akinisubiri nimalize kuongea na simu.

Nilipourudia ule ukurasa niligundua kosa lilipoingia. Ni mstari uleule niliouacha katikati ili nijibu ujumbe wa kikundi cha familia, kuhusu michango ya harusi. Sikuwa na usingizi wala kazi haikuwa imenishinda. Nilikuwa mahali pawili, basi.

Jirani yetu ni fundi wa vinyago. Akishika tezo asubuhi, unaweza kumsalimu mara mbili asikusikie, na mkewe ameshazoea kumpelekea chai mara ya pili kwa kuwa ya kwanza imepoa. Hana dharau. Yumo ndani ya gogo. Msimu ule nilianza kumtazama kwa wivu, nikajiuliza kama hali ile yaweza kupatikana kwenye daftari la makato. Inapatikana. Si kila siku, lakini inapatikana, na yafuatayo ndiyo ninayoyafanya.

Hali yenyewe ni ipi

Wengine huiita mtiririko. Mimi naona neno kuzama linatosha, maana ndilo tunalolisema kila siku: fulani kazama kwenye cherehani, fulani kazama kwenye bao. Aliyeichunguza kwa miaka mingi ni mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, Mhungaria aliyezaliwa mwaka 1934 na kuhamia Marekani. Katika miaka ya 1960, huko Chicago, aliwatazama wachoraji wakifanya kazi. Walisahau njaa, walisahau uchovu, kisha picha ikikamilika wakaiegemeza ukutani na kuanza nyingine, kana kwamba iliyokwisha haiwahusu tena. Akajiuliza wanafuata nini kama si picha. Baadaye aliwahoji wapanda majabali, wacheza sataranji, madaktari wa upasuaji na wacheza dansi, na wote walimsimulia jambo lilelile: mkono na fikra vinakuwa kitu kimoja, mtu hajitazami tena, na saa inapotea.

Kilichonisaidia zaidi ni masharti yake matatu, ambayo aliyaona yakijirudia. Kazi iwe na lengo linaloonekana. Ugumu wake ulingane na uwezo wako. Na kazi yenyewe ikujibu papo hapo, ujue kama unapatia au unakosea. Angalia kwamba humo hamna bidii wala kipaji. Tukishindwa kutulia hukimbilia kujiita wavivu, na mara nyingi tatizo ni kazi yenyewe ilivyopangwa.

Kabla ya yote: wiki moja ya kujipeleleza

Csikszentmihalyi na wenzake waliwapa watu peja, vile vifaa vidogo vya kupokea ishara, zilizolia saa zisizotabirika. Ikilia, unaandika unafanya nini na unajisikiaje. Mwaka 1989 yeye na mwenzake walichapisha jambo la ajabu kidogo: watu walikutwa wamezama kazini mara nyingi zaidi kuliko kwenye mapumziko yao, na bado walipokuwa kazini walisema wangependa kuwa kwingine.

Fanya hivyo kwa simu yako. Weka kengele tano kwa siku, saa zisizo na mpangilio, na kila siku uzibadilishe. Ikilia, andika vitu vitatu kwenye kijidaftari: nafanya nini, ni rahisi au ngumu kwangu, mawazo yako wapi. Siku saba zinatosha. Mimi nilidhani nazama nikikagua hesabu. Kumbe nilikuwa nazama nikipanga stakabadhi kwa vijiji, kazi niliyoiona ya kitoto, na asubuhi tu. Mchana daftari langu limejaa neno moja: simu, simu, simu.

Hatua ya kwanza: andika mwisho wa kazi

"Leo nashughulikia malipo" si lengo, ni mahali pa kupotelea. Lengo ni hili: "Nahakiki majina sitini ya kijiji kimoja, daftari la mizani dhidi ya orodha ya benki, mpaka jumla mbili zilingane." Hapo ukimaliza unajua umemaliza.

Liandike kwa sentensi moja kabla hujakaa. Mwanafunzi asiandike "nasoma baiolojia", aandike "nachora moyo wa binadamu bila kutazama kitabu na kuonyesha damu inapita wapi". Fundi cherehani aandike kola mbili na mikono minne. Anayepalilia achome kijiti mwisho wa tuta analotaka kulifikia. Ukishindwa kuuandika mwisho, ujue hiyo si kazi moja. Ni kazi tatu zilizovaa jina moja, na chagua mojawapo.

Hatua ya pili: pima ugumu

Hapa ndipo penye siri, na ndipo watu wengi wanapoteleza. Kazi ikiwa rahisi kuliko uwezo wako, akili inatoka kwenda kutafuta pa kuchezea. Ikikuzidi mno, unaingiwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi hazami, anajitazama. Unachotafuta ni ukingo: kazi inayokudai kidogo zaidi ya ulichozoea.

Shangazi yangu wa Mikindani alinifundisha hilo bila kulitaja. Anasuka mikeka. Mtoto anapoanza humpa miyaa asuke ukili mpana wa jamvi, ambao ukikosea haumuumizi mtu. Mkono ukizoea, anakuhamishia kwenye ukindu laini, nyuzi zinaongezeka, kisha rangi, kisha nakshi. Hakuachi ukae kwenye ukili ulioumaliza. Ukianza kupiga soga huku unasuka bila kutazama, anajua umefika wakati wa kukuongezea nyuzi. Akikuona umekunja uso na umefumua mara tatu, anakurudisha nyuma kidogo. Naye huwa hasemi kitu, anabadilisha tu kilichoko mkononi mwako.

Sasa jifanyie hivyo mwenyewe. Kazi ikiwa rahisi mno, ongeza sharti. Mimi nikiingiza majina ninayoyajua kwa moyo, najiwekea kwamba ukurasa mzima upite bila kufuta hata mara moja, na kila namba ya akaunti niitamke kwa sauti ya chini kabla ya kuiandika. Ghafla kazi ya kitoto inakuwa mchezo wenye kushinda na kushindwa. Anayebangua korosho anaweza kulenga kokwa nzima zisizovunjika, maana kasi peke yake ataizoea siku mbili, ila kokwa nzima hudai jicho kila pigo.

Kazi ikiwa ngumu mno, usijilazimishe kwa ukali. Tafuta ni kipande gani hasa kinachokukwamisha na ukitenge. Chama kilipoletewa programu mpya ya hesabu, nilijaribu kujifunza programu na kuandaa malipo kwa wakati mmoja. Nikapata kichwa kuuma na orodha mbovu. Nilipotenga siku mbili nikaichezea kwa majina ya uongo, nikikosea bila hasara, ndipo siku ya malipo mikono ilikuwa inajua njia. Kujifunza chombo ni kazi moja na kukitumia ni kazi nyingine. Usizifunge kamba moja.

Na kuna ugumu mwingine ambao tiba yake ni kuuliza tu. Dakika tano kwa mhasibu aliyekutangulia zinaokoa asubuhi nzima. Nenda na soda, mambo mengine hayahitaji falsafa.

Hatua ya tatu: itafutie kazi yako mdomo

Fundi wa vinyago hangoji barua ya kumwambia amekosea. Mpingo una ganda jeupe na moyo mweusi, na kila pigo la tezo linamwonyesha amefika wapi. Shangazi naye akiruka uzi mmoja, nakshi inapinda palepale. Kazi zao zina mdomo, zinasema.

Kazi yangu ilikuwa bubu. Nikikosea leo, jibu linakuja baada ya wiki mbili likiwa limeketi kwenye benchi na kofia mkononi. Kazi nyingi za mezani ziko hivyo: ripoti, masomo, barua za maombi. Kwa hiyo inabidi uzitengenezee mdomo.

Nilichofanya ni hiki. Kila baada ya mistari ishirini napiga jumla ya kilo na kuilinganisha na jumla ya kurasa za mizani. Zikilingana, naweka alama ya vema kwa wino mwekundu pembeni. Zisipolingana, kosa limo ndani ya mistari ishirini, si ndani ya mia sita. Alama ile nyekundu ni kitu kidogo sana, na ndiyo iliyobadilisha kazi yangu kuliko jambo jingine lolote katika mwongozo huu. Kwa nini? Kwa sababu sasa akili ina kitu cha karibu cha kukifukuzia.

Anayesoma afunge kitabu kila baada ya kurasa mbili na kuandika anachokumbuka. Anayeandika asome aya kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, hapo pana tatizo. Muuza duka anayefunga hesabu jioni ahesabu kwanza noti za elfu kumi peke yake na kuziandika, kisha za elfu tano, badala ya kurundika zote na kuanza upya kila akisahau.

Hatua ya nne: fuata maji yako

Kina mama wanaochokoa pweza kwenye miamba ya pwani yetu, kuanzia huku Mtwara mpaka Kilwa, hawabishani na bahari. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji yakikupwa sana miamba inakaa wazi, na hiyo ndiyo saa. Maji yakijaa, hata uwe hodari vipi, unarudi nyumbani kufanya mengine.

Akili nayo ina kupwa na kujaa. Kijidaftari chako cha wiki kitakuonyesha saa zako. Zangu ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa mbili. Newala iko juu uwandani, asubuhi kuna baridi na ukungu, na wateja hawajaanza kuja. Saa ile naitumia kwa orodha ya malipo, kazi yenye hatari. Kujibu barua, kupanga majalada na kupiga mihuri navisukuma saa nane mchana, wakati ambao hata sura yangu imelala.

Mama mwenye watoto wadogo hana uhuru huo, najua. Ila hata yeye huwa na upenyo, pengine kati ya watoto kwenda shule na kuinjika sufuria ya mchana. Kosa ni kuutumia upenyo ule kuosha vyombo, kazi ambayo ingefanyika hata watoto wakipiga kelele.

Muda gani? Anza na nusu saa. Ukizoea, saa moja hadi saa moja na nusu. Zaidi ya hapo mimi huanza kuandika takataka kwa kujiamini.

Hatua ya tano: simu, wageni na umeme

Sophie Leroy, mtafiti wa chuo kikuu huko Marekani, alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiiacha kazi moja haijaisha ukahamia nyingine, sehemu ya mawazo yako inabaki kule ulikotoka. Ndiyo maana ujumbe wa dakika moja haugharimu dakika moja. Unarudi kwenye mstari wako na nusu ya kichwa bado inajadili michango ya harusi.

Simu yangu asubuhi hukaa chumba cha pili, kwa mama anayepika chai ya ofisi. Kuiweka kifudifudi mezani hakunisaidii, naisikia ikinyamaza. Kama unaogopa habari za msiba au ugonjwa, na hofu hiyo ni ya haki, chagua watu watatu ambao simu zao zitaita na wengine wasubiri. Au mpe mwenzako ruhusa: "Akipiga mama, niite. Wengine waambie nipo saa mbili."

Watu ndio mtihani. Ushauri wa ugenini husema funga mlango, vaa spika za masikioni. Kwetu mzee akija asubuhi huwezi kumwonyesha mgongo, na sitaki kuishi mahali ambapo inawezekana. Kwa hiyo nina utaratibu. Kabla sijainua kichwa, naweka rula chini ya mstari niliopo na kuandika kwa penseli neno moja la kitakachofuata: "makato", au "linganisha". Hizo ni sekunde tatu. Kisha nasimama, shikamoo kamili, nauliza hali za nyumbani, nasikiliza. Jambo lake naliandika mbele yake kwenye karatasi, na namwambia saa: "Mzee, saa mbili na nusu nitakuwa nimelipata jibu lako, kaa upate chai." Mtu aliyeona jambo lake limeandikwa hulegea, hana haja ya kurudi mlangoni kila baada ya dakika tano. Nami nikikaa, rula na neno la penseli vinanirudisha nilipokuwa.

Nyumbani ni mapatano. "Mama, nipe mpaka saa tatu, nitakuja mwenyewe" inafanya kazi endapo saa tatu unakwenda kweli. Ukidanganya mara mbili, umeupoteza mlango huo.

Kuhusu umeme: uwe na toleo la karatasi. Jioni huchapa kurasa za kesho, ukikatika naendelea na kalamu.

Hatua ya sita: kuingia

Dakika kumi za kwanza ni mbaya. Ni mbaya kwa kila mtu, na wengi huzichukua kama dalili kwamba leo haiwezekani. Jirani yangu huanza kwa kunoa. Tezo lina makali tangu jana, lakini ananoa tu, kimya, na nadhani anajinoa mwenyewe. Tafuta kinoo chako: kikombe kilekile, kiti kilekile, na kuanza kwa kurudia mistari mitatu ya mwisho ya jana ambayo unajua iko sahihi.

Usijiulize kama umeshazama. Swali hilo linakuibua, kama anayejiuliza kama ameshalala.

Dakika ishirini zikipita bila kitu, simama na ujiulize mambo matatu. Mwisho wa kazi naujua? Ni rahisi mno au ngumu mno? Nitajuaje kama napatia? Mara nyingi jibu liko kwenye la pili. Na kama yote yako sawa na bado hakuna kitu, pengine hukulala, au una njaa, au kuna jambo limekukaa moyoni na linataka kushughulikiwa kwanza. Nenda ukalishughulikie.

Tahadhari

Kuzama si uadilifu. Mtu huzama pia kwenye mikeka ya kubeti na kwenye michezo ya simu, ambayo imetengenezwa makusudi kutimiza yale masharti matatu: lengo dogo, ugumu unaopanda taratibu, jibu la papo hapo. Wapo waliozama kwenye bao mpaka mtoto akasahaulika shuleni. Ukikaanga korosho za maganda, usizame kwenye kitu kingine chochote, maana mafuta ya ganda huwaka moto na huchoma ngozi.

Kisha, aliyezama hujiona hakosei. Kwa kazi ya fedha hilo ni hatari. Orodha niliyoiandaa nikiwa nimezama haiondoki mezani mpaka mwenzangu aisome kwa sauti nami nikifuata kwa kidole, sote wawili tukiwa tumekunywa chai.

Hatua ya saba: kutoka

Muda ukifika, toka hata kama imenoga. Hasa kama imenoga. Acha mahali ambapo unajua kabisa kitakachofuata, usiache penye utata, kwa sababu kesho dakika zile kumi mbaya zitakuwa fupi. Kisha ondoka kwenye kiti, nawa uso, tembea mpaka barabarani na kurudi. Mimi nikitoka na kwenda moja kwa moja kwenye simu, mchana wote unakuwa mchungu.

Jana nimeacha kijiji cha tatu. Chini ya rula kuna karatasi, nimeandika: "Anzia mstari wa 41. Mzee ana akaunti mpya, iko nyuma ya stakabadhi. Soma kwa sauti."